Walichosema watu kuhusu saratani ya rafiki yangu, na kilichotokea kweli

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, Uganda. Wali ulikuwa umeshaliwa na ngoma ya wanawake imeanza, mama mmoja ninayemjua kwa sura tu akanishika mkono akanivuta hadi nyuma ya turubai.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa ukimuuguza yule mwenzako wa soko la Owino? Nasikia titi lilikuwa limeshaoza, akapona kwa dawa ya miti. Nipe namba ya huyo mzee."

Nikamuuliza nani anaumwa. Ni mdogo wake, mwenye miaka 41, ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya Ramadhani. Hospitali hajakanyaga. Walikuwa wanamtafuta mtu wa kuwaonyesha nyumba ya mganga aliyemponya rafiki yangu.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Rafiki yangu yuko hai, alhamdulillahi, na asubuhi bado anafungua kibanda chake cha vitenge. Lakini habari zake zimetembea kuliko yeye mwenyewe, na huko zilikofika zimegeuka kitu kinachoweza kumzika mwanamke mwingine. Nilimwomba ruhusa niandike. Alikubali, ila jina lake lisitajwe. "Lakini yaandike yote, dada. Na ya dumu pia."

"Alipona kwa mitishamba"

Uvimbe aliuona akioga, mdogo kama punje ya karanga, hauumi. Kwa kuwa hauumi, akaunyamazia. Shangazi yake ndiye aliyempeleka kwa mzee mmoja wa dawa. Akarudi na vitu viwili: dumu la lita tano la maji ya kahawia, na vijiti vya mumbwa. Asiyejua mumbwa ni nini, ni udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani na magamba ya miti, ukafinyangwa vijiti na kukaushwa juani. Waganda wanaita emmumbwa, na hapa Kampala unauzwa kila soko. Unachukua jiwe, unatia maji kidogo, unasugua kijiti mpaka maji yawe mazito kama uji. Chumba kizima kilikuwa kikinukia ardhi iliyonyeshewa. Nusu alikunywa, nusu alipaka kwenye titi.

Alifanya hivyo miezi saba. Miezi saba hiyo hakugusa kidonge wala sindano. Uvimbe ulitoka kwenye punje ya karanga ukafika ukubwa wa yai la kuku, ngozi juu yake ikavutika na kuwa kama ganda la chungwa, na kwapani pakatokea vitezi. Alipofika hospitali ya Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, wakatoa kinyama kwa sindano nene wakapima, jibu likaja kwamba ni saratani, hatua ya tatu kati ya nne.

Akaanza kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Dumu hakuliacha, ila hakulitaja kwa yeyote. Baada ya dozi mbili uvimbe ukalainika na kunywea. Hapo ndipo hadithi ya harusini ilipozaliwa: shangazi akasema dawa ya mzee "imeshaanza kushika", na majirani wakasikia hivyo.

Ninawaomba msomaji na yule mama wa Bombo waitazame kalenda tu. Mwili ni uleule, dumu ni lilelile, mganga ni yuleyule. Dumu peke yake miezi saba, uvimbe ukakua. Kemo ilipoingia wiki sita, uvimbe ukapungua. Ukiwa unatumia dawa mbili kwa pamoja, sifa huenda kwa ile unayoipenda. Baadaye alifanyiwa upasuaji titi likaondolewa lote, akapigwa mionzi wiki tano, na mpaka leo anameza kidonge cha tamoksifeni kila siku, kwa sababu saratani yake ni ile inayochochewa na homoni. Haya manne hayatajwi harusini.

Na si yeye tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake. Waliwalinganisha na wagonjwa 560 waliofuata tiba ya hospitali. Hatari ya kufa kwa wale wa tiba mbadala ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti pekee ilikuwa zaidi ya mara tano. Titi ndilo lililoonyesha tofauti kubwa kuliko zote, na sababu inaeleweka: saratani ya titi ikiwahiwa hutibika vizuri, kwa hiyo anayeichelewesha ndiye anayepoteza zaidi.

"Basi achanganye zote, kwa kuwa mitishamba ni ya asili haidhuru"

Hii ndiyo dhana inayopendwa na watu wa katikati, wale wasiotaka kumuudhi shangazi wala daktari. Mimi mwenyewe niliiamini. Nilikuwa nikimbebea lile dumu.

Siku ya dozi ya tatu tulifika alfajiri, damu ikatolewa, tukakaa kwenye benchi. Saa tano sista akatuita. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda sana, dozi haitatolewa. Akamuuliza rafiki yangu taratibu, "Mama, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani?" Akajibu hapana. Akauliza tena, "Hata majani, hata chai ya dawa?" Akasema hapana, akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia mkoba wangu. Ndani mlikuwa na chupa ya maji iliyojazwa kutoka kwenye dumu, ya kunywa njiani.

Niliitoa nikaiweka mezani. Rafiki yangu hakunisemesha siku hiyo yote, hata kwenye teksi ya kurudi.

Daktari aliyetupokea hakupiga kelele. Aliifungua chupa, akanusa, akauliza kilichomo. Hatukujua. Mganga alikuwa amesema ni miti kumi na minne, majina akayaficha, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Daktari hakusema kwamba dumu ndilo lililoliumiza ini. Alisema hawezi kujua, na kwamba hapo ndipo tatizo lilipo: dawa alizomwandikia amezipima kwa uzito wa mwili, kwa miligramu, na ini ndilo linalozivunja na kuzitoa. Kukiwa na kitu kingine kinacholishughulisha ini hilohilo, dawa ya kemo inaweza kukaa mwilini kuliko inavyotakiwa ikawa sumu, au ikafukuzwa haraka mno isifanye kazi. Mgonjwa anadungwa sindano kamili, anapata madhara yote, na faida inapungua.

Hilo la pili si la kufikirika. Ulaya kuna mmea unaoitwa St John's wort, watu hunywa kwa ajili ya huzuni. Utafiti mdogo uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani waliokuwa wakiutumia, kiasi cha dawa ya kemo iitwayo irinotekani iliyo tayari kufanya kazi kwenye damu yao kilishuka kwa asilimia 42. Ni majani tu, yanauzwa bila cheti cha daktari. Na kuna mimea iliyo mibaya yenyewe bila kuchanganywa na chochote. Jamii ya Aristolochia, inayotumika kama dawa nchi nyingi, huharibu figo na yenyewe husababisha saratani ya njia ya mkojo. Majani ya mstafeli, ambayo WhatsApp inayasifu kwamba yanashinda kemo mara elfu kumi, yana kitu kinachodhuru mishipa ya fahamu. Kule Guadeloupe, visiwa vya Karibea ambako watu hula stafeli na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, madaktari wamehusisha mazoea hayo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili.

Ila neno "asili" lenyewe ndilo ninalotaka tulitazame vizuri, kwa sababu linatugawa bure. Kuna ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali tano, linalopandwa mbele ya nyumba sehemu nyingi za nchi za joto. Asili yake ni Madagaska. Kutokana na majani yake ilipatikana vinkristini, mojawapo ya dawa zinazotibu lymphoma ya Burkitt, ile saratani ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hapahapa Mulago, aliieleza kwa ulimwengu mwaka 1958. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Na rafiki yangu? Nusu ya pili ya kemo yake ilikuwa paklitakseli. Hiyo iligunduliwa kwenye gamba la mti wa Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo mti alipewa, hospitalini, kwa mrija wa dripu. Tofauti ni kwamba ule wa hospitali unajulikana ni kitu gani ndani ya gamba kinachofanya kazi, kimetengwa, kimepimwa kwa watu, na kinatolewa kwa kiasi. Vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Kupata gramu moja tu ya dawa za ua lile kulihitaji mamia ya kilo za majani makavu. Ukichemsha majani hayo kwenye sufuria hujui umepata kidogo kisichosaidia au kingi kinachoua, na bado umekunywa kila kitu kingine kilichomo.

Ninaheshimu miti. Serikali yenyewe ina maabara Wandegeya, hapa Kampala, inayochunguza dawa za mitishamba, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2019. Dawa isiyojulikana kilichomo ndiyo ninayoiogopa, iwe ya mganga au ya mchuuzi mwenye kipaza sauti kwenye kituo cha mabasi.

Dumu lilimwagwa. Dozi ilicheleweshwa, vipimo vikashuka, kemo ikaendelea.

"Ukimwambia daktari atakufukuza"

Sitasema hofu hii haina msingi. Kabla ya Mulago tulipita kituo kimoja cha afya, nacho sikitaji. Mhudumu alipoona udongo wa mumbwa umekauka kwenye ngozi ya titi, alimwita mjinga mbele ya foleni nzima. Rafiki yangu aliinuka akaondoka, na safari ya hospitali ikarudi nyuma mwezi mwingine. Ile "hapana" aliyomjibu sista kwa macho ya sakafuni ilitoka huko. Mhudumu wa afya anayesoma hapa naomba alipokee hili: mama anayekemewa kwa ajili ya mitishamba haachi mitishamba, anaacha kuitaja.

Lakini siri hiyo ina bei. Watafiti walewale wa Yale walirudi mwaka 2018 na swali lililotuhusu sisi hasa: vipi kuhusu wale wanaochanganya? Walikuta wagonjwa 258 waliopokea angalau tiba moja ya hospitali pamoja na tiba nyingine. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili ya wenzao. Sababu iliyoonekana ilikuwa kwamba waliochanganya walikataa sehemu fulani ya matibabu mara nyingi zaidi: asilimia 34 walikataa kemo iliyopendekezwa, ikilinganishwa na asilimia 3 ya wengine, na zaidi ya nusu walikataa mionzi. Ile tiba ya pembeni ilikuwa imewapa mahali pa kukimbilia kila ya hospitali ilipokuwa ngumu.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Usiku baada ya dozi ya kwanza, rafiki yangu akitapika, shangazi alimwambia, "Acha hii sumu, dumu lipo." Maneno matamu mno kwa mtu anayetapika.

Tulichofanya baada ya siku ya chupa ni kununua daftari la kurasa 48. Kila kinachoingia kinywani kisicho chakula cha kawaida kinaandikwa: jina, kiasi, kimetoka kwa nani. Asali yenye kitunguu saumu. Vidonge vya "kuongeza damu" alivyopewa na jirani. Chai ya mjaaja, lile jani la kunukia. Kila kliniki daftari linawekwa mezani. Mengi daktari aliyaruhusu. Kitunguu saumu cha vidonge na manjano kwa wingi alivizuia wiki za kabla ya upasuaji, kwa kuwa vinaweza kuifanya damu isigande upesi. Kile cha kwenye mchuzi hakukizuia.

"Kisu kikiigusa inasambaa"

Watu wanaona hivi: mtu alikuwa anatembea, akapasuliwa, miezi mitatu akafa. Wanachokosa kuona ni kwamba alipasuliwa akiwa amechelewa, saratani imeshafika kwenye ini au mapafu kabla kisu hakijanolewa. Wengine husema hewa ikiingia ndiyo inayoichochea, lakini hewa haiichochei saratani. Kutoa kinyama cha kupima ni njia ya kujua ni saratani ya aina gani, na bila hicho hakuna dawa inayoweza kuchaguliwa kwa akili. Uwezekano wa sindano ya kipimo kupandikiza saratani kwingine upo, ila ni mdogo sana, na uvimbe unaoachwa ndani una nafasi kubwa mno ya kujisambaza wenyewe.

"Kemo ndiyo inayoua"

Kemo ni kali. Anayewaambia watu ni kama dripu ya malaria anawapoteza. Ile nyekundu, doksorubisini, iliingia kwenye mshipa wake kama juisi ya komamanga, na siku ileile mkojo ukatoka mwekundu. Hatukuwa tumeelezwa, tukadhani ni damu, tukalia wawili chooni. Ni rangi ya dawa tu, huisha siku moja au mbili. Nywele zilidondoka wiki ya tatu, zikaota tena baada ya matibabu, laini kama za mtoto.

Hatari ya kweli haionekani. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi hushuka. Siku hizo homa ndogo inaweza kumaliza mtu kwa saa chache. Siku ya kumi ya dozi ya nne kipimajoto kilisoma 38.4 saa nne usiku. Tulikuwa tumeambiwa: ikifika 38, usimeze panado ukalala, njoo. Bodaboda ikatupeleka, akawekewa dawa ya bakteria kwenye mshipa usiku uleule, akalazwa siku tano. Alirudi mzima. Angekuwa nyumbani akinywa maji ya dumu yasiyochemshwa na mumbwa uliosuguliwa kwa jiwe la uani, sidhani ningekuwa naandika haya. Kama mgonjwa wenu yuko kwenye kemo, kipimajoto ni cha kununua kabla ya kitu kingine chochote, na juisi yoyote isiyochemshwa ya majani haifai siku hizo hata kama miti yake haina sumu.

Nyingine ambazo nitazipitia kwa haraka

Kwamba saratani ni ugonjwa wa wazungu: hapa Kampala kumbukumbu za wagonjwa wa saratani zinaandikwa tangu miaka ya 1950, na makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa Uganda kuwa zaidi ya 34,000, na vifo karibu 23,000. Kwamba ni uchawi: saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wetu, husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na chanjo yake inatolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchi nzima tangu 2015. Kwamba mtu aliyepigwa mionzi atawadhuru watoto wake: mashine ya nje ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini, na rafiki yangu alilala na mjukuu wake kitanda kimoja wiki zote tano.

Kwamba sukari inalisha saratani, hivyo mgonjwa asile ndizi wala ugali: seli zote za mwili hutumia sukari, na mwili ukinyimwa hujitengenezea. Saratani haifi njaa, mgonjwa ndiye anayekonda mpaka dozi inashindikana. Alipoambiwa na jirani aache matoke alipoteza kilo nne kwa mwezi. Ndimu na magadi vya "kuondoa asidi kwenye damu" navyo ni vya kupuuzwa, kwa sababu mapafu na figo huiweka asidi ya damu palepale hata ukila nini.

Kuna moja ya kwetu hasa: kwamba "Uganda mashine ya mionzi ilikufa". Ni kweli mashine pekee ya kobalti iliharibika mwaka 2016, na wagonjwa wengine walilazimika kwenda Nairobi. Lakini mpya ilizinduliwa Januari 2018, na baada yake zikaja nyingine za kisasa zaidi. Mpaka leo nakutana na watu wanaokaa nyumbani kwa sababu ya habari ya 2016.

"Ukipewa mofini, umeshahukumiwa kufa"

Kabla ya kemo kuanza kushika, titi lilimuuma kiasi kwamba hakuweza kulala ubavu huo. Alipoandikiwa mofini ya maji aliikataa. Kwa mawazo yake ile ni ya wanaoaga. Hata hivyo ni dawa ya maumivu tu. Inapunguzwa maumivu yakipungua, na mgonjwa anayeitumia kama alivyoelekezwa hageuki kuwa mlevi wake. Katika jambo hili nchi yetu imetangulia nyingi: Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa, lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, lilionyesha kwamba mofini ya kunywa inaweza kuchanganywa hapahapa kwa gharama ndogo, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika, hata kijijini kusikokuwa na daktari. Muuguzi wao mmoja alikaa naye kwenye mkeka saa nzima akimsikiliza. Usiku huo alikunywa, akalala mpaka adhana ya alfajiri. Alitumia miezi miwili, uvimbe ulipopungua ikaachwa.

Nisiyataje haya bila kueleza kwamba mumbwa na dumu vilikuwa vinampa kitu. Kule kusugua jiwe asubuhi kulikuwa kunampa kazi ya kufanya kwa mikono yake, katika ugonjwa ambamo kila kitu kingine anafanyiwa na watu. Mganga alimpokea kwa jina, akamuuliza watoto. Hospitali nzuri yenye foleni ya watu mia mbili haiwezi hilo kila siku.

Ndiyo maana dhana ya upande wa pili nayo ni potofu, ile ya kwamba chochote kisichotoka kwa daktari kitupwe. Tangawizi alitumia muda wote, na daktari alijua. Utafiti mmoja wa Marekani uliohusisha wagonjwa zaidi ya 500 ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja ya tangawizi kwa siku, pamoja na dawa za kawaida za kutapika, ilipunguza kichefuchefu cha kemo. Tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa, lakini yeye ilimfaa. Kutembea pia kunasaidia uchovu wa saratani kuliko kulala, jambo ambalo nilikataa kuliamini mpaka nilipomwona. Jioni tulizunguka uwanja wa shule jirani, mwanzo mara moja, baadaye mara tano. Mama mmoja wa msikitini alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Wengine walimsomea dua. Hakuna kati ya hivi kilichomwambia aache dozi.

Nilirudi Bombo kwa yule mama siku nne baada ya harusi, na sikwenda peke yangu. Rafiki yangu alifunga kibanda chake nusu siku akaja. Mdogo mtu alitukaribisha chai, akajibu maswali kwa kichwa tu, mtandio umemkaza kifuani. Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini kama pale palipokatwa panatisha. Rafiki yangu hakumjibu. Alimshika mkono wakaingia chumbani, mlango ukafungwa, sisi tukabaki tunasikiliza kimya chao. Walipotoka yule mwanamke alikuwa anafuta macho, akamuuliza dada yake nauli ya Mulago ni shilingi ngapi.

Tulikwenda naye Jumanne. Kwenye mkoba alikuwa na mumbwa mbili ndani ya gazeti, alizokuwa ameshapewa na mtu mwingine. Alizitoa mwenyewe akazionyesha kwa sista, na sista akaziandika kwenye faili. Kinyama kimetolewa, majibu tumeambiwa tuyafuate baada ya wiki mbili.